Santuri na Mama Yake
Baharia mstaafu anajibu barua zenu kuhusu albamu za zamani za madijei wa Jamaika

Kosa ni langu. Toleo lililopita niliandika kwa kupita tu kwamba nina makasha manne ya santuri za dansiholi niliyoyakusanya nilipokuwa melini, nikadhani hakuna atakayejali. Barua zikamiminika. Nimechagua sita. Wote mlioniamkia, marahaba. Na yule aliyeuliza kama nauza, jibu ni hapana, na akiandika tena jibu litakuwa hilohilo.

*Shikamoo mzee. Nimenunua gramafoni na nimeanza kutafuta rege ya zamani. Tatizo langu: kila mahali nasoma kwamba U-Roy ni dijei, Big Youth ni dijei, lakini nikiweka santuri namsikia mtu anasema-sema juu ya muziki, hachezeshi chochote. Dijei ni nani hasa? Na nianze na albamu zipi?*
— Kijana wa gramafoni mpya

Marahaba mwanangu. Swali hilo lilinitia aibu mchana kweupe dukani, Orange Street, Kingston. Meli ilikuwa bandarini kwa siku mbili, nami nikamwambia muuzaji anipe santuri ambazo madijei wanapenda kuzipiga. Alicheka mpaka akashika kaunta. Kwa Wajamaika, anayechagua santuri na kuiweka chini ya sindano anaitwa selekta. Dijei ni mwenye maiki. Lugha yetu ina neno zuri kwa kazi yake kuliko hata lile la kwao: anaghani. Haimbi, haongei, anaghani.

Kazi hiyo haikuzaliwa studio. Ilizaliwa kwenye saundi, yaani mitambo ya kupigia muziki yenye spika kubwa kama makabati, iliyofungwa uani au kwenye ukumbi watu wakaja kucheza. Ndiyo maana muziki wenyewe ukaitwa dansiholi: dansi ya holini. Zamani watu kama Count Machuki na King Stitt walikuwa wakitupia maneno mafupi tu, kuchangamsha watu na kuusifu wimbo unaokuja. Akaja U-Roy, jina lake la nyumbani Ewart Beckford, aliyekuwa akishika maiki kwenye saundi ya King Tubby. Mwaka 1970 akaingia studio ya Duke Reid, Treasure Isle. Zilichukuliwa nyimbo za miaka michache nyuma, sauti za waimbaji zikapunguzwa, zikabaki zikichungulia hapa na pale, naye akaghani kutoka mwanzo hadi mwisho, akijibizana na waimbaji kama jirani anayedakia maneno dirishani. Nyimbo zake tatu zikashika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu Jamaika kwa wakati mmoja.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu nitakayosema hapa ndiyo mawazo yangu yote juu ya jambo hili, na barua nyingine zote nitazijibu kwa kurudi papa hapa. Kila santuri ya dijei ina mama. Mama ni ule wimbo wa kwanza, uliotoa besi na ngoma ambazo dijei anazipanda. Besi na ngoma hizo Wajamaika wanaziita ridimu, na ridimu moja inaweza kuzaa watoto mia. Ukinunua mtoto bila mama yake, umenunua nusu ya mazungumzo.

Kwa hiyo usianze na albamu kumi. Anza na jozi. Chukua *Version Galore* ya U-Roy, halafu tafuta nyimbo za The Paragons walizorekodi kwa Duke Reid. Sikiliza kwanza Paragons wakiimba *Wear You to the Ball* kwa upole, kisha umsikilize U-Roy akiingia mlemle bila kubisha hodi. Utaelewa kwa dakika tatu kitu ambacho mimi sitaweza kukueleza kwa kurasa tatu.

Jozi ya pili: *Screaming Target* ya Big Youth, ya mwaka 1973, iliyotengenezwa na Gussie Clarke akiwa bado kijana mdogo kabisa. Wimbo uliobeba jina la albamu umepanda *No, No, No* ya K.C. White, ambayo nayo ni wimbo wa Dawn Penn wa miaka ya sitini. Dawn Penn huyohuyo aliurekodi upya, na mwaka 1994 ukavuma dunia nzima. Pengine wewe unamjua kwa huo tu. Mama, mtoto, na mama kurudi ukumbini amevaa upya.

Jozi ya tatu ni ya Yellowman. Albamu yake *Zungguzungguguzungguzeng* ilitoka 1983 chini ya mtayarishaji Henry "Junjo" Lawes, na ridimu ya wimbo wenye jina hilo refu ndiyo ileile Michigan na Smiley waliyoitumia kwenye *Diseases*, na chimbuko lake ni *Mad Mad* ya Alton Ellis, iliyorekodiwa Studio One miaka ya sitini. Mshike sana Alton Ellis. Nimekaa na makasha haya miaka mingi, na kila nikifukua mizizi ya kitu namkuta yeye chini, ametulia.

Dillinger na *CB 200* yake ya 1976 utaifikia mwenyewe. CB 200 ni pikipiki ya Honda, usisumbuke kutafuta maana nyingine.

*Mzee, nimeona mtandaoni albamu ileile mara tatu: moja imechapwa Jamaika, moja Uingereza, nyingine ni mpya kabisa. Ya Jamaika ndiyo ghali, lakini wanaouza wenyewe wanakiri inakwaruza. Kwa nini nilipe zaidi nipate kelele?*
— Mama wa hesabu

Dada, huhitaji kulipa zaidi. Wewe unanunua muziki. Wanaolipa zaidi wananunua historia ya kipande cha plastiki. Mimi nimo humo, nakiri, lakini usinifuate.

Santuri nyingi za Jamaika za miaka ile zinakwaruza hata zikiwa mpya. Malighafi ilitoka nje na ilikuwa adimu, kwa hiyo viwanda viliyeyusha santuri zilizorudishwa na kuzifyatua upya, wakati mwingine pamoja na mabaki ya lebo za karatasi. Mihuri ya kufyatulia ilitumika kupita umri wake. Tundu la katikati mara nyingine limekaa pembeni, basi sauti inayumba kama mtu anayetembea sitahani bahari ikiwa mbaya. Ninayo moja ambayo lebo ya upande A imebandikwa upande B, na nyingine isiyo na lebo kabisa. Lakini besi! Kwa sikio langu, besi ya santuri ya Jamaika inakusukuma kifuani. Ya Uingereza inakusalimia kwa adabu.

Za Uingereza ni safi zaidi na kava zake ni imara. Greensleeves walianza kama duka la santuri West Ealing, London, mwaka 1975, wakaanza kutoa santuri zao 1977, na miaka ya themanini mwanzoni ndio waliopeleka kazi za Junjo Lawes kwa wanunuzi wa Ulaya. *Mister Yellowman* ya 1982 niliyo nayo ni yao, na bado naipiga bila kuomba radhi. Hizo mpya, zilizorudiwa kwa haki, hazina ubaya wowote. VP Records ya New York, waliyoianzisha Vincent na Patricia Chin baada ya kuhama kutoka Kingston walikokuwa na duka la Randy's pale North Parade, iliinunua Greensleeves mwaka 2008, kwa hiyo sehemu kubwa ya muziki huu imekaa nyumba moja.

Shida ni bandia. Mtu anapiga picha kava la zamani, anafyatua santuri, anaiuza kama ya kale. Angalia hivi: maandishi madogo ya kava yakiwa na ukungu, hiyo ni picha ya picha. Kisha ichukue santuri, iinamishe kwenye mwanga, tazama ile sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Utaona namba na herufi. Kwenye za Jamaika mara nyingi zimechongwa kwa mkono, vibaya, kama mtoto aliyeandika jina lake kwenye dawati. Lebo ikisema hivi na mchongo ukasema vile, amini mchongo. Lebo hubandikwa na yeyote.

Na itoe santuri ndani ya kava kabla hujalipa. Hilo nalisema kwa uchungu. London, duka moja nisilolitaja, nililipia albamu ya Yellowman nikiwa na haraka ya kurudi melini. Kava zuri, halina hata kona iliyokunjika. Siku mbili baadaye, katikati ya bahari, nikaifungua mbele ya mabaharia wenzangu niliokuwa nimewatambia. Ndani mlikuwa na kwaya ikiimba nyimbo za Krismasi. Tulizisikiliza zote, maana hatukuwa na kingine kipya, na mpaka leo kuna mtu mmoja hunipigia simu kila Desemba kuniuliza Yellowman hajambo.

*Assalaam alaykum. Kijana wangu ana miaka kumi na mitatu na amependa albamu hizi. Nimeambiwa nyingi zina matusi. Kweli?*
— Baba mwenye wasiwasi

Waalaykum salaam. Kweli. Wajamaika wenyewe wana jina lake, *slackness*, na hawakuificha: General Echo mwaka 1979 alitoa albamu yenye neno la jamii hiyo kwenye jina lake kabisa, *The Slackest LP*. Yellowman naye ana upande huo, tena mkubwa. Lakini kuna madijei wa upande wa pili, wa imani na mafundisho. Mpe kijana Big Youth. Mpe Charlie Chaplin, ambaye na Josey Wales waliinukia kwenye Stur-Gav, saundi ya U-Roy mwenyewe. Mpe Brigadier Jerry, kama utampata; huyo alikuwa na sifa kubwa Jamaika kwa miaka mingi kabla hajatoa albamu ya studio, kwa sababu kaseti zilizorekodiwa dansini zilisafiri mkono kwa mkono. Albamu hiyo, *Jamaica Jamaica*, ilitoka 1985 tu.

Ila mzazi mwenzangu, Patwa, lugha ya Wajamaika, ile ya haraka ya Kingston mwaka 1982, kijana wako haielewi, wala wewe, wala mimi nusu yake. Msitie hofu mapema.

*Mzee shikamoo. Orodha zako zote ni wanaume. Wanawake hawakuwahi kushika maiki?*
— Binti asiyependa orodha zako

Marahaba binti, na umenipata. Walishika, ingawa njia yao ilikuwa nyembamba. Saundi zilikuwa za wanaume na maiki haikutolewa kirahisi.

Kuanzia ni Sister Nancy, dada mdogo wa huyo Brigadier Jerry niliyemtaja. Albamu yake ni *One Two*, ya 1982, iliyotengenezwa na Winston Riley. Karibu kazi nzima ilikuwa imekwisha, ikakosekana nyimbo moja ya kujazia, ndipo akatunga *Bam Bam*. Wimbo wa kujazia! Kiitikio amekiazima kwa The Maytals, waliokuwa na *Bam Bam* yao mwaka 1966, na ridimu ni *Stalag*, ambayo Riley alikuwa ameitoa tangu 1973 kwenye kazi ya Ansel Collins. Unaona? Huyu binti ana mama wawili, mmoja wa kiitikio na mmoja wa besi. Tenor Saw naye alipanda *Stalag* hiyohiyo mwaka 1985 kwa *Ring the Alarm*, na ukiziweka hizi tatu zifuatane jioni moja, Collins, Nancy, Saw, hutahitaji kusoma kitabu cha dansiholi.

Ambalo sipendi kulisimulia ni la malipo. Sister Nancy alihamia Marekani mwaka 1996, akafanya kazi benki New Jersey, huku sauti yake ikipigwa kwenye filamu na kukatwa vipande na wanamuziki wa rapu. Miaka zaidi ya thelathini tangu arekodi, akausikia wimbo wake kwenye tangazo la viatu la televisheni, ndipo akatafuta mwanasheria, na hatimaye akapata sehemu ya haki yake. Miaka yote hiyo wakusanyaji, nami nikiwemo, tulikuwa tunauziana santuri yake ya zamani na kupandishiana bei. Hakuna senti ya mauzo yetu inayomfikia mwimbaji, na siku hizi ninapoona kazi imerudiwa kwa haki naye analipwa, nanunua hiyo mpya hata kama ya kale ninayo.

Wa pili wako ni Althea na Donna. Walikuwa wasichana wa shule walipotoa *Uptown Top Ranking* mwaka 1977, na Februari 1978 ilikuwa namba moja Uingereza. Walikuwa wanamjibu dijei Trinity, aliyejisifia suti yake ya vipande vitatu. Wao wakajisifia mavazi yao. Na ridimu? *I'm Still in Love with You*. Ya nani? Alton Ellis. Nilisema mshikeni.

Ukimaliza hao, tafuta *Black Cinderella* ya Sister Carol. Orodha yangu nimeirekebisha.

*Naweza kuosha santuri kwa sabuni ya vyombo?*
— Mwenye vumbi

Tone moja, katika maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa, yale ya kujazia betri, si asidi yake. Futa kwa kufuata mifereji, usikate kati. Suuza. Lebo isilowane hata kidogo, hasa za Jamaika, zinabanduka kama gamba. Isimamishe ikauke kivulini, na uihifadhi ikiwa wima mbali na joto. Mimi niliweka kasha langu la kwanza karibu na chumba cha injini, na ninazo albamu sita zinazoweza kutumika kama bakuli.

*Mzee, heshima yako. Toleo lililopita uliandika kwamba makasha yako yanakomea 1984, kwa sababu baada ya hapo "muziki wa kompyuta hauna mama". Nakuuliza: Sleng Teng je? Ridimu iliyozaa watoto wengi hivyo haina mama?*
— Selekta mstaafu

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma Jumatatu, nikaiweka chini, nikaichukua tena Jumatano.

Wasiojua: mwaka 1985 Wayne Smith, mwimbaji, na rafiki yake Noel Davey walikuwa na kinanda kidogo cha Casio, aina ya MT-40, kitu cha kuwekwa mapajani. Ndani yake mlikuwa na midundo iliyokwisha pangwa kiwandani, ya kumsaidia anayejifunza. Wakaukuta mmoja, wakaupeleka kwa Jammy, aliyewahi kuwa fundi wa King Tubby. Jammy akaupunguza mwendo, Smith akaimba juu yake *Under Mi Sleng Teng*. Usiku wa Februari 23, 1985, Jammy aliupiga kwenye pambano la saundi na Black Scorpio pale Waltham Park Road, na baada ya usiku ule kila studio ya Kingston ilitaka kinanda. Wapiga besi na wapiga ngoma wengi walikosa kazi. Hilo ndilo lililonikasirisha, na ndiyo sababu nilifunga makasha yangu. Nilikuwa nimeipenda bendi ya Roots Radics kama timu ya mpira.

Lakini umenishinda. Mama yupo. Anaitwa Hiroko Okuda. Aliajiriwa Casio mwaka 1980, ametoka tu kusomea muziki, na kazi yake ya kuhitimu chuoni aliandika juu ya nini? Juu ya rege. Binti wa Kijapani aliyeipenda Jamaika akiwa mbali, akapanga mdundo ndani ya kinanda, kikauzwa, kikafika Kingston, mdundo ukarudi nyumbani. Kwenye kinanda mdundo huo uliandikwa roki, si rege. Miaka yote nimehubiri habari za mama na mtoto, na mama mwenye safari ndefu kuliko wote nikamwita kompyuta.

Basi nimefungua kasha la tano. Ndani yake mpaka sasa mna santuri mbili, ya Wayne Smith na ya dijei Super Cat, na pembeni nimeweka MT-40 yenyewe, iliyotumika, kitufe kimoja kimevunjika. Ilifika wiki iliyopita. Niliiwasha, nikatafuta ule mdundo, ukaanza: haraka kuliko ulivyo kwenye santuri, mwembamba, lakini ni wenyewe. Nikaongeza sauti. Mke wangu akaniuliza kutoka chumbani nimenunua santuri gani tena.